Kemo imeisha, mionzi bado: maswali ya wagonjwa wa limfoma na wanaowauguza

Mdogo wangu aligunduliwa na limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani ya tezi za limfu, akiwa na miaka 24. Alikuwa anaendesha bodaboda Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Miezi miwili ya mwanzo alimeza dawa za kifua kikuu, maana tezi za shingo kuvimba, jasho la usiku na kukonda ni dalili ambazo kwetu kila mtu huzisoma kuwa TB. Biopsi, yaani kipande cha tezi kukatwa na kupimwa, ndiyo iliyotuambia kweli. Akapewa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani: dripu 8, moja kila wiki mbili, ambazo ni mizunguko minne. Alipomaliza ya mwisho tukaambiwa: sasa ngojeni mionzi.

Kungoja huko kulitusumbua kuliko kemo yenyewe. Kemo ina tarehe, ina dripu, ina sista anayekuita kwa jina. Ukishaambiwa ungoje, unabaki na simu mkononi na maswali kichwani. Tangu wakati ule watu wa Arua, Koboko na hata Bombo hunipigia kuuliza yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika. Mimi ni dada wa mgonjwa, si daktari. Daktari wako akisema tofauti kuhusu mwili wako, mfuate yeye, na umwombe akueleze sababu.

Uvimbe umeshayeyuka kwa kemo. Mionzi ni ya nini tena?

Uvimbe kutoonekana kwa macho au kwa vidole si sawa na seli zote kufa. Limfoma hupenda kurudi palepale ilipoanzia, hasa pale palipokuwa na donge kubwa. Kemo huzunguka mwili mzima kwa njia ya damu. Mionzi inapelekwa mahali pamoja tu, kwenye shamba lile lile la kwanza, kumalizia mizizi iliyobaki.

Kwa limfoma ya Hodgkin iliyogunduliwa mapema, utaratibu uliozoeleka ni mizunguko 2 hadi 4 ya kemo, kisha mionzi. Kwa limfoma ya seli B kubwa, aina nyingine ya limfoma, mionzi huongezwa mara nyingi pale donge lilipokuwa kubwa mno au palipobaki kitu baada ya kemo. Limfoma ya Burkitt, ile inayovimbisha mataya ya watoto wetu, hutibiwa kwa kemo, na mionzi huwa nadra sana. Kwa hiyo mtoto wa jirani akiruhusiwa kwenda nyumbani bila mionzi, usidhani amesahauliwa, wala usidhani wewe umeonewa. Limfoma si ugonjwa mmoja.

Ni kawaida kungoja muda gani?

Kwa kawaida wiki 3 hadi 6 tangu kemo ya mwisho. Muda huu umewekwa makusudi. Chembe nyeupe za damu zinahitaji nafasi ya kupanda, vidonda vya mdomoni vinahitaji kupona, na daktari anataka picha mpya ya CT, picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili, aone kilichobaki. Picha ikipigwa mapema mno baada ya kemo inaweza kudanganya, kwa sababu mwili bado unasafisha uchafu wa vita.

Andika tarehe ya dripu ya mwisho kwenye daftari, uhesabu wiki kutoka hapo. Sisi hatukuandika. Tulipoulizwa, mdogo wangu alisema "kama mwezi hivi", kumbe zilikuwa zimefika wiki saba.

Ikifika wiki ya nne na hujapewa tarehe ya kwenda kupimwa na kupangwa, yaani kuchorewa eneo litakalopigwa mionzi, nenda ukaulize. Ikifika ya sita na bado kimya, nenda mwenyewe, usitume mtu.

Nikipitisha wiki sita, ugonjwa unarudi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi usiku. Nitalijibu kama nilivyojibiwa mimi.

Hakuna siku moja ambayo ukiivuka unaanguka shimoni. Mtu wa Hodgkin ambaye kemo ilimjibu vizuri kabisa, akichelewa wiki mbili tatu kwa sababu ya foleni, hali yake si sawa na mtu aliyebakiwa na donge linalokua. Yule wa kwanza anatakiwa kufuatilia bila kufa kwa hofu. Yule wa pili anatakiwa kuonwa wiki hiyohiyo. Na kuchelewa miezi ni jambo jingine kabisa: kunaipa nafasi seli yoyote iliyobaki ijijenge upya, na mpango uliochorwa kwa picha ya zamani unaweza usifae tena.

Kwa hiyo ukichelewa, mwulize daktari maneno haya: "Kwa aina ya limfoma yangu, na kwa jinsi kemo ilivyonijibu, tunaweza kungoja hadi lini? Tukipita hapo tutafanya nini?" Wakati mwingine wanaongeza mzunguko wa kemo kuziba pengo, wakati mwingine wanarudia picha, wakati mwingine wanaandika barua uende kwenye mashine nyingine. Majibu yapo, ila mara nyingi humfikia aliyeuliza.

Jambo lingine linalotia watu hofu bure: baada ya kemo, CT inaweza kuonyesha bado kuna kitu kifuani. Limfoma ya Hodgkin huacha kovu, kama kidonda kikubwa cha mguu kinavyoacha alama. Kitu kuonekana hakumaanishi ugonjwa uko hai.

Kwa nini foleni ya mionzi Uganda imekuwa ndefu hivi?

Kwa sababu kwa miaka mingi nchi nzima ilitegemea mashine moja. Inauma zaidi ukijua historia. Ni Mulago hapahapa, hospitali kuu ya Kampala, ambapo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliueleza mwaka 1958 ule uvimbe wa mataya uliopewa jina lake. Taasisi ya Saratani ya Uganda yenyewe ilianza mwaka 1967 kama kituo cha kutibu limfoma.

Mashine ya kobalti, madini yanayotoa mionzi, iliyoletwa katikati ya miaka ya 1990 ilizeeka, ikaharibika mwaka 2016 bila kutengenezeka. Wagonjwa wakabaki bila mionzi ya serikali ndani ya nchi. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kutibu 400 kati yao bila malipo. Mashine mpya ya kobalti ilizinduliwa Januari 2018, na baada ya hapo zikaongezwa mashine za kisasa zaidi, zinazotengeneza mionzi kwa umeme badala ya kutumia madini.

Wengi hawajui kwamba kobalti hupungua nguvu hata ikiwa imelala. Kila baada ya miaka mitano na kidogo nguvu yake hubaki nusu, kwa hiyo kila mgonjwa hulazwa chini ya mashine muda mrefu zaidi kupata dozi ileile, na foleni inarefuka bila mtu yeyote kuzembea. Mashine hizi pia huwezi kuziweka kwenye chumba chochote. Zinataka jengo la kuta nene za zege, na wataalamu wa fizikia ambao hawasomeshwi kwa mwaka mmoja.

Mbona aliyekuja baada yangu ameitwa kwanza?

Anayetokwa damu, au ambaye uti wa mgongo umebanwa na uvimbe na miguu inaanza kufa ganzi, hangoji zamu. Ungekuwa wewe ungetaka iwe hivyo.

Ningojee Kampala au nirudi nyumbani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo sisi tulipokosea.

Kampala ni ghali. Chumba Wandegeya au Kalerwe, chakula, maji ya kunywa, na mwuguzaji ambaye naye ana watoto nyumbani. Tuliona heri kurudi Arua: basi la usiku, Bombo, Luweero, Kafu, daraja la Karuma alfajiri, Pakwach, Nebbi, nyumbani. Kurudi lilikuwa wazo zuri, na alipata nguvu kwa chakula cha mama. Kosa lilikuwa simu. Namba iliyoandikwa kwenye faili ilikuwa ya baba mdogo, na laini ile ilikuwa imepotea wiki mbili kabla. Tarehe ya kupangwa ikatoka, wakapiga, haikupatikana. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Tulijua tu pale nilipopanda basi mwenyewe wiki ya saba nikasimama dirishani na kadi yake. Alianza mionzi wiki ya kumi.

Kwa hiyo, kama huna donge linalokua, huna homa, na daktari amekuruhusu, rudi nyumbani. Lakini kabla ya kutoka hospitalini:

Hakikisha faili lina namba tatu za simu, za watu watatu wasiolala nyumba moja. Simama pale uone zikiandikwa. Chukua namba ya ofisi ya mionzi na jina la kitengo. Weka nauli ya kurudi pembeni, usiiguse hata kwa ada ya shule. Na piga simu wewe mwenyewe kila Jumatatu asubuhi, hata kama uliambiwa "tutakuita".

Kama kijijini mtandao unakamatwa kwa kupanda kilima, mwachie namba mwalimu au katekista au imamu, mtu ambaye simu yake huwa na chaji.

Nina homa. Si ni malaria tu?

Inaweza kuwa malaria. Inaweza pia kuwa maambukizi ya bakteria kwenye damu wakati huna askari wa kupigana nayo, na hiyo inaua kwa saa, si kwa siku. Baada ya kila kemo chembe nyeupe hushuka, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14, na wengine huchelewa kupanda. Joto likifika 38 au ukitetemeka kwa baridi, usimeze panado ukalala. Usinunue dawa ya malaria dukani ukangoja kesho. Nenda hospitali ile saa, hata kama ni usiku, hata kama ni ya wilaya, ukaseme sentensi hii mlangoni: "Nilipata kemo ya kansa, ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, na sasa nina homa." Wapime malaria, ndiyo, na wapime pia idadi ya chembe za damu.

Kinachosaidia sana ni karatasi ya muhtasari wa matibabu: aina ya limfoma, majina ya dawa za kemo, idadi ya dripu. Daktari kijana wa kituo cha afya akiiona anajua anashughulika na nini. Nunua kipimajoto. Mkono wa mama kwenye paji la uso una upendo mwingi, lakini hautofautishi 37.5 na 38.5.

Ni dalili zipi nyingine ambazo hazingoji tarehe?

Kikohozi kikavu na kukosa pumzi, hasa kama kati ya dawa zako za kemo ilikuwamo bleomycin, maana hiyo inaweza kuumiza mapafu hata baada ya kemo kwisha, na mionzi ya kifua juu ya mapafu yaliyoumia ni hatari. Uso na shingo kuvimba asubuhi, mishipa ya kifua kutokeza. Miguu kuwa mizito, kushindwa kukojoa. Tezi mpya. Jasho la usiku linalolowesha shuka kurudi baada ya kuwa limekwisha. Usiandike tu kwenye daftari, nenda.

Natumia ARV. Je, nisimamishe hadi mionzi iishe?

Hapana. Limfoma na virusi vya ukimwi hukutana mara nyingi katika nchi yetu, na ARV ni sehemu ya tiba ya limfoma yako. Waambie tu madaktari wa pande zote mbili ni vidonge gani unameza.

Na dawa za miti shamba?

Najua zinavyoletwa: na shangazi, kwenye chupa ya soda, kwa nia njema. Mululuza, aloe, unga wa mizizi ambao hakuna anayejua jina lake. Shida yangu si dharau kwa wazee wetu. Ini lako limetoka kuchuja kemo miezi minne. Chochote kichungu unachokunywa lazima kipitie hapohapo, na ini likikorofika tarehe yako inasogezwa. Ukitaka kunywa kitu, peleka chupa kwa daktari kwanza. Usikinywe kwa siri.

Chakula: kula unachoweza kumeza, ongeza maharage, mayai, samaki wa mtoni, karanga zilizosagwa kwenye mboga. Kilichopikwa kikaiva. Maji yaliyochemshwa. Mdogo wangu alipanda kilo 4 katika kungoja kule, na daktari alifurahi kuliko sisi.

Naweza kufanya kazi? Na mambo ya ndoa?

Kazi nyepesi, ndiyo, na kutembea kila jioni kunapunguza uchovu kuliko kulala. Bodaboda siku nzima juani, hapana.

Ndoa ipo, huambukizi mtu limfoma. Lakini mimba isiingie wakati huu, kwa mwanamke mgonjwa wala kwa mke wa mgonjwa, kwa sababu dawa na mionzi vinaweza kumdhuru mtoto. Tumieni kinga. Dada, ukikosa siku zako, sema kabla ya kulazwa kwenye mashine. Damu ya mwezi hukatika kwa wengine kwa sababu ya kemo, ndiyo maana usibahatishe, pima.

Siku ya kupangwa wanafanya nini?

Siku hiyo hupigwi mionzi ya tiba. Wanakulaza kwenye CT namna utakavyolala kila siku, wanachora eneo, na wanaweza kukuwekea vidoa vidogo vya wino ili mashine ilenge palepale kila mara.

Kama ni shingo, wanakutengenezea kinyago. Mdogo wangu aliniomba niingie naye hadi mlangoni. Ni kipande cha plastiki chenye matundu madogo kama chandarua. Wanakitumbukiza kwenye maji ya moto, kinalainika kama donge la chapati, halafu watu wawili wanakishika pande mbili na kukishusha usoni, mpaka kwenye mabega. Vidole vyao vinapita haraka puani, kidevuni, chini ya masikio. Kikipoa kinakauka na kushika sura yako. Unapumua vizuri kupitia matundu, lakini huwezi kugeuza shingo. Dakika zile chache alikunja ngumi. Fundi alikuwa akimwambia polepole, "bado kidogo, ndugu yangu, bado kidogo." Kisha wakabandika utepe wenye jina lake, wakakiweka kwenye rafu kati ya vinyago vingine, kila kimoja na pua yake.

Kama unaogopa mahali pa kubana, sema mapema. Wapo waliozoea hofu hiyo.

Mionzi inauma? Nikitoka nitawadhuru watoto?

Haiumi, ni kama kupigwa picha. Unabaki peke yako chumbani dakika chache, wanakuona kwenye skrini. Mwili wako hautoi mionzi baadaye. Mbebe mtoto, kaa na mjamzito, hakuna shida.

Kwa limfoma huwa mara 10 hadi 20 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa. Mdogo wangu alipata 15, wiki tatu. Wiki ya pili koo lilianza kuwasha, mate yakapungua, nywele za kisogoni zikatoka upande mmoja, ngozi ya shingo ikawa nyeusi. Usipake mafuta ya manukato wala limau hapo. Uchovu ulikuja mwishoni na kukaa wiki kadhaa baada ya kumaliza.

Mashine ikiharibika katikati, usiende nyumbani ukaona umemaliza. Siku zilizopotea zinapaswa kuhesabiwa na kufidiwa, nao ndio wanaojua namna.

Najisikia mzima. Siwezi kuiacha mionzi kabisa?

Kwa baadhi ya watu, kumalizia na kemo peke yake ni uamuzi halali. Mionzi ya kifua ina gharama ya miaka mingi mbele: moyo, na kwa wasichana, hatari ya saratani ya matiti baadaye. Shingo ikipigwa, tezi ya thairoidi inaweza kulegea, ndiyo maana damu hupimwa mwaka hadi mwaka. Na sigara baada ya mionzi ya kifua isiguswe kamwe.

Lakini uamuzi huo ufanywe mezani, picha zikiwa zimefunguliwa na daktari akikutazama usoni. Kinachonitia uchungu ni wale wanaoacha kwa kutorudi tu, kwa sababu nauli imekwisha au wamechoka kuulizia, kisha tunakutana nao baada ya mwaka na tezi zimerudi. Kama tatizo ni nauli, sema ni nauli. Mwambie ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini, mwambie mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, waambie watu wa msikitini au kanisani. Sisi tuliuza mbuzi wawili, na chama cha bodaboda cha stendi yake kikachanga iliyobaki.

Wakinipigia niende, nibebe nini?

Kadi, faili lako dogo, picha za CT zenyewe na si majibu tu, karatasi ya muhtasari, kitambulisho, na vidonge vyote unavyomeza katika mfuko mmoja. Shati la vifungo, maana shingo ikianza kuungua fulana haivuki kichwani. Leso laini ya pamba ya kufunika shingo juani. Shuka, kikombe, chaja. Mtu wa kukaa naye, walau wiki ya kwanza na ya mwisho.

Na kabla ya kupanda basi, mpigie huyo aliyekuita umwambie uko njiani. Njia ya Karuma ni ndefu, na wakijua unakuja hawatampa mwingine saa yako.